Udaktari: kajaribu kwanza

Mdogo wangu, unauliza kama asilimia nzuri za diploma ya Leta (ile ya kumaliza sekondari) na hamu ya baba vinatosha kukuingiza kwenye udaktari. Kwangu havitoshi. Asilimia zinaonyesha unaweza kusoma. Hazisemi kama utavumilia zamu za usiku, vidonda vinavyonuka, au mama asiye na pesa ya dawa. Kabla ya kulipa minervali, yaani ada ya chuo, omba kusaidia kwenye kituo cha afya hapo Kadutu, Bukavu, hata kwa kufagia na kupanga fishi za wagonjwa. (Baba atanuna, mwache.) Daktari Denis Mukwege mwenyewe, yule wa akina mama wa Hospitali ya Panzi, Bukavu, kwanza alitaka kutibu watoto, lakini kuona akina mama wakifa kwa uzazi kwenye hospitali ya Lemera ndiko kulikomgeuza. Wodi ikikushinda, kuna maabara na famasia. Na muulize baba: yuko tayari kulipa miaka yote ya masomo hayo?