Ukikabidhiwa Kuandika Wasifu wa Baba Yako

Wiki iliyopita dada mmoja wa Morogoro alinitumia ujumbe saa tano usiku. Baba yake, ambaye alikuwa mtu wa maabara kama baba yangu, alikuwa amefariki asubuhi ya siku hiyo, maziko yamepangwa Jumamosi, na kamati ya mazishi imemkabidhi yeye kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. "Kaka, naomba mfano niufuate," aliandika. Mfano ninao, lakini sikumtumia, kwa sababu kufuata mfano ndiko kulikoniponza nilipomzika baba yangu miaka mitatu iliyopita.

Baba alianza kazi miaka ya 1970 akiwa kijana wa kuosha slaidi, vile vioo vidogo vya kupimia damu, kule Amani, juu ya milima ya Usambara Mashariki, katika taasisi ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1902 kwa ajili ya kilimo na mimea, na ambayo baadaye ikawa kituo cha utafiti wa malaria. Akapelekwa mafunzoni, akahamia hospitali moja ya serikali, akabaki hapo hadi alipostaafu akiwa na miaka 60. Usiku wa msiba niliketi na bahasha yake ya vyeti nikanakili yote kwa mpangilio: kuzaliwa, shule, ajira, ndoa, watoto 5, wajukuu 11. Nilipewa dakika tano, nikamaliza kwa nne. Aliyenifuata kwenye kipaza sauti alimshukuru Mungu kwa maisha ya "daktari wetu", ilhali baba alitumia miaka yake yote kuwasahihisha watu kwamba yeye si daktari, kwamba daktari anatibu na yeye anaangalia. Neno lile linaniuma mpaka leo, na kosa ni langu pia, kwa kuwa wasifu nilioupanga haukueleza mahali popote kazi yake ilikuwa kufanya nini.

Jioni, chini ya turubai, muuguzi mstaafu aliyefanya naye kazi alikaa karibu na mama akaanza kusimulia. Ilikuwa miaka ya 1980, wakati hospitali ile ilikuwa na hadubini ya kioo, inayotegemea mwanga wa dirishani, na mawingu ya masika yalikuwa yametanda mapema. Baba alisoma slaidi ya mtoto wa miaka miwili, akaandika kwamba hakuona vijidudu vya malaria, akafunga maabara. Akiwa nusu ya njia alikumbuka kwamba giza lilimkatisha kabla hajatimiza maeneo 100 ya slaidi, yaani vipande vinavyoonekana kimoja kimoja kwenye lenzi, ambayo mtaalamu hutakiwa kuyapitia kabla ya kuandika kwamba hakuna kilichoonekana. Aligeuza baiskeli. Akawasha taa ya chemli, akaiweka mbele ya kile kioo, akaanza upya eneo la kwanza, na vijidudu vikajitokeza mwishoni kabisa, vichache, vyenye umbo la pete. Mtoto alikuwa wodini, akaanzishiwa dawa usiku huohuo.

"Kumbe ndio ule usiku," mama alisema. Kwa miaka yote hiyo aliukumbuka kama usiku ambao mumewe alirudi saa sita, chakula kimepoa, bila neno la maelezo, kwa sababu kwa baba majibu ya mgonjwa hayakuwa ya kuzungumzwa nyumbani, hata kwa mke.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kuliko nilivyolia kaburini. Habari hiyo ilikuwa umbali wa swali moja, kwa mtu aliyekuwa ameketi msibani tangu asubuhi, na mimi nilikuwa nimeshughulika na vyeti. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: kabla ya kushika kalamu, mtafute aliyefanya kazi na marehemu. Wa pili haupo mbali na huo: mtafute mwingine tena.

Kwa ajili ya arobaini niliandika upya, na safari hii niliandika mikono ya baba. Mmoja wetu akipata homa alikipasha moto kidole cha pete ndani ya kiganja chake kabla ya kukichoma, akalifuta tone la kwanza, akalipokea la pili juu ya kioo na kulitandaza kwa kona ya kioo kingine likawa na upana wa sarafu. Kisha aliweka kioo juu ya kipande cha gazeti. Herufi zilitakiwa zisomeke kwa shida kupitia ile damu. Zisiposomeka, damu ni nzito mno. Baadhi ya herufi za kwanza nilizozitambua maishani nilizisoma hivyo, kupitia damu yangu mwenyewe, nimeegemea bega lake. Na tulipochambua mchele tukatangaza kwamba hauna mawe, aliuliza kama tumeufikia ukingo wa ungo. Hakumwambia mtu yeyote "huna malaria". Alisema "sijaona vijidudu", na alitaka tofauti hiyo ieleweke.

Niliposoma maneno hayo watu walinyamaza, na baadaye wazee wanne waliomba nakala. Najivunia hilo, wala sioni sababu ya kulificha.

Elezeni kazi ya marehemu kwa sentensi ambayo shangazi wa kijijini ataielewa. Tangu vipimo vya haraka vya malaria vienee, majibu hupatikana baada ya dakika 15 au 20, na kizazi chetu kinasahau kwamba palikuwa na mtu aliyeinamia lenzi akihesabu, ingawa hadi leo hadubini ndiyo inayoonyesha wingi wa vijidudu katika damu. Na ninyi ambao wazazi wenu wangali hai, kaeni nao muwaulize sasa. Waulizeni waliofanya nao kazi. Msisubiri turubai.

Haya yote nilimwandikia yule dada. Alhamisi alinijibu kwamba amempata mzee aliyekaa meza moja na baba yake kwa miaka 14, na kwamba watakutana kesho yake saa tatu asubuhi. Nikamwambia aende na daftari, awahi, na aanze kwa kumuuliza marehemu alikuwa anaishikaje slaidi.