Koliflawa zimeota mikia

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Nalima koliflawa Lushoto, mteremko uleule aliolimia kabichi marehemu baba. Wiki ya nne tangu nihamishe miche, majani mapya yanatoka membamba, ubapa umetoweka, umebaki mshipa wa katikati uliojipinda. Muuza pembejeo aliniambia ni njaa ya naitrojeni. Nimeweka mbolea ya CAN mara mbili, hali imezidi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza funga huo mfuko wa CAN.

Majani hayo nayajua. Sisi tuliokulia pwani tungeyaita mikia ya taa, yule samaki. Mwenye kisu ndiye mla nyama, na koliflawa zako nyama zinayo, kisu hazina. Nusu ya naitrojeni ya CAN ni naitreti, nayo mmea hauitumii hivihivi. Kimeng'enya kiitwacho naitreti ridaktesi huigeuza kuwa naitraiti, kingine huifanya amonia, ndipo protini ijengwe. Kile cha kwanza hakifanyi kazi bila chembe ya madini ya molibdeni. Ikikosekana, naitreti hurundikana majanini. Wewe ukaongeza rundo.

Molibdeni huenda imo shambani mwako, ila udongo umeishika. Zinki, chuma na manganizi hupatikana zaidi udongo ukiwa na tindikali. Molibdeni ni mkaidi, hufanya kinyume. Pale Usambara mvua imesomba chokaa miaka mingi, na kama mzee alikuwa mtu wa SA (salfeti ya amonia), kama wengi wa rika lake, mbolea hiyo nayo iliongeza tindikali.

Msimu huu tafuta sodiamu molibdeti, chumvi yenye molibdeni. Gramu 1 kwa lita ya maji, tia na sabuni ya maji kidogo maana jani la koliflawa lina nta, halafu puliza. Yaliyopinda hayatanyooka, angalia yanayochipua. Mche uliokufa kiini ung'oe, hautatoa ua.

Kabla ya msimu ujao peleka udongo kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, Muheza, wapime pH, yaani kiwango cha tindikali (namba ikishuka, tindikali imezidi). Ikiwa chini ya 5.5, weka chokaa wiki kadhaa kabla ya kupanda, kwa kiasi watakachokwambia. Usimwage kwa hasira: chokaa ikizidi, zinki na boroni nazo zitafungika, utaniandikia tena kuhusu maua ya kahawia.

Na kama una ng'ombe, majani uliyopulizia usimpe. Molibdeni nyingi humnyima mnyama madini ya shaba, na kwa CAN yote ile, naitreti iliyomo humo peke yake ingetosha kumdhuru.