Barua kwa Daktari wa Wanyama: Tumbili wetu amemng'ata mtoto

Asalaam aleikum Daktari.

Mimi ni msomaji wako wa Likoni. Tuna tumbili dume, jina lake Tito. Mume wangu alimnunua miaka mitano iliyopita kwa kijana mmoja njia ya Kinango, shilingi mia saba, kadogo kama ngumi, kamelowa, kanalia. Nilimlea kwa chupa ya mwanangu Swabra, ambaye wakati huo alikuwa na mwaka mmoja. Walilala kitanda kimoja hao.

Tangu mwaka jana Tito si yule. Alianza kumtolea meno msichana wa kazi, akamrarua leso. Kisha akamng'ata shemeji yangu kidole. Wiki tatu zilizopita Swabra alikuwa barazani anakula mahamri, Tito akaruka kutoka juu ya mti wa mkungu akamng'ata mkono mpaka nyama ikaonekana. Tulitia kahawa, damu ikakata, na kidonda kimefunga. Hospitali hatukwenda kwa kuogopa kuulizwa kang'atwa na nini.

Mume wangu yuko Doha kikazi. Anasema Tito ang'olewe chonge tu, yatakwisha, maana kalelewa na sisi, hawezi kutudhuru kweli. Mama mkwe anasema tukamwachie msitu wa Shimba Hills. Jirani anasema sumu kwenye ndizi. Na kuna bwana wa Nyali yuko tayari kumnunua kwa elfu nane. Mimi nikimwona anavyoegemeza kichwa kwenye simu akisikia sauti ya mume wangu, nashindwa. Nahisi kama namtoa mwanangu. Nifanye nini?

Mama Swabra, Likoni

Waaleikum salaam, Mama Swabra.

Tito atangoja kidogo. Kwanza mtoto. Ukimaliza aya hii, weka gazeti chini umpeleke Swabra hospitali, leo hii, na useme wazi kwamba aling'atwa na tumbili. Kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yao. Mnyama yeyote anayenyonyesha anaweza kukipata, na kinaweza kulala mwilini mwa mtu wiki nyingi, hata miezi, kabla ya kujionyesha. Kikishajionyesha, hakuna daktari wa kukirudisha. Ndiyo maana chanjo huanzwa hata kama wiki tatu zimepita. Watu watakwambia, mbona tumbili mwenyewe mzima? Ile hesabu ya kumchunga mnyama siku kumi ni ya mbwa na paka, tumbili haimo. Uliza pia sindano ya pepopunda. Shemeji wa kidole afuatane nanyi, na msichana wa kazi kama alipata hata mkwaruzo. Na kahawa, mwanangu, ni ya kunywa. Kidonda cha meno huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, ndipo mtu akimbie hospitali.

Umerudi? Haya.

Umeniandikia kwamba Tito si yule. Mimi nasema Tito ndiye yeye sasa. Yule wa chupa alikuwa mtoto, na mtoto wa tumbili ni mpole kwa sababu hana la kufanya. Dume wa miaka mitano ni mtu mzima. Ana kilo tano au sita, ana chonge zinazopita ngozi kama sindano, na bila shaka umeona, ingawa kwa haya hukuandika, kwamba kende zake zimekuwa buluu kama mtumbwi uliopakwa rangi juzi. Katika kundi la tumbili kila mmoja anajua aliye juu yake na aliye chini yake, na dume anayekua hupanda ngazi kwa kuwapima wengine. Tito hana kundi ila nyinyi, kwa hiyo anawapima nyinyi. Angalia mpangilio wake: kwanza msichana wa kazi, kisha shemeji, kisha mtoto. Kwa tumbili, kumkazia macho ni kumtukana, na mtoto wa miaka sita anamkodolea macho kila kitu anachokipenda. Swabra alikuwa na mahamri mkononi na macho usoni mwa Tito. Hakukosea lolote, na hata Tito kwa sheria zake hakukosea. Sheria hizo ndizo haziwezi kukaa baraza moja na mtoto wako.

Hilo la 'kalelewa na sisi' nimelisikia tangu nianze kazi. Mwaka 2009, huko Connecticut nchini Marekani, sokwe aliyeitwa Travis, aliyelelewa na watu tangu mchanga, alimrukia rafiki wa mwenye nyumba, mwanamke aliyemjua kwa miaka. Yule mama alipoteza uso, mikono na macho. Sokwe akapigwa risasi na polisi. Sokwe ni mkubwa, Tito ni mdogo, sikutishi kwa hilo. Ninalotaka ulione ni kwamba kujuana hakukumzuia.

Sasa nije kwenye baraza lenu la washauri.

Chonge. Mwaka 1986 nilikuwa kijana, nimetoka kusoma, nina mkoba mpya, na fundi cherehani mmoja wa Malindi akaniletea tumbili wake anayeng'ata. Nikamng'oa chonge zote nne, nikalipwa, nikajiona bingwa. Tumbili ana meno mengine, Mama Swabra, na ana taya za kupasulia mbegu. Wiki ya tano alimkata fundi kipande cha sikio kwa meno ya mbele. Taya lenyewe lilikuwa limeshatunga usaha, hali chakula, na kazi yangu ya mwisho kwake ilikuwa sindano ya kumlaza asiamke. Kovu lililo kwenye dole gumba langu la kushoto ni lake. Tangu siku hiyo sijamng'oa mnyama jino zima kwa ajili ya amani ya mwenye nyumba, na mume wako akipata daktari wa kukubali, mkimbieni huyo daktari.

Shimba Hills. Mama mkwe ana huruma, na mpe salamu zangu, lakini pale msituni pana wenyewe. Makundi ya tumbili yana mipaka yake, na dume mgeni anayeshushwa kwenye gunia mchana kweupe hupokewa kwa meno. Halafu kuna elimu ambayo Tito hakuisoma. Watafiti watatu, Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler, walichapisha mwaka 1980 mambo waliyoyaona kwa tumbili wa Amboseli hapa kwetu: wana mlio wa chui, mlio wa tai na mlio wa nyoka, kila mmoja mbali. Wakisikia wa chui wanapanda mtini. Wa tai, wanatazama juu na kujitupa kichakani. Wa nyoka, wanasimama kwa miguu miwili kuchungua majani. Watoto wao wanakosea sana mwanzoni, wanaweza kupiga mlio wa tai kwa ndege asiye na habari nao, hata kwa jani linaloanguka, na wanajifunza kwa kuwafuata wakubwa. Tito amejifunza kwa nani? Anaijua honi ya bodaboda na mlio wa simu ya mume wako. Chui wa Shimba Hills atamkuta anashangaa. Na akimkosa chui, atafuata moshi wa jiko la mtu upande wa Kwale, kwa sababu kwake binadamu ni mahali mahamri yanapotoka. Atampokonya chakula mtoto wa mwenzio, na kijiji kitamaliza kwa mawe.

Bwana wa Nyali: hapana. Naye ana watoto, au ana jirani mwenye watoto, na kumuuza mnyama wa porini ni kosa jingine juu ya lile la kumfuga. Kuhusu sumu kwenye ndizi sitaandika kitu, ila mkungu wenu una kunguru, na mtaa una paka, kuku na watoto wanaookota.

Kilichobaki ni kumsalimisha. Piga simu au nenda ofisi yoyote ya Shirika la Wanyamapori, KWS. Upande wenu wa kusini mna bahati: Diani kuna Colobus Conservation, kituo kilichoanza 1997, wale waliotundika ngazi za kamba juu ya barabara ya Diani ili mbega wavuke bila kugongwa. Kazi yao ni hiyohiyo ya kuokoa jamii ya nyani, na tumbili waliotolewa majumbani si wageni kwao. Lakini anza na KWS. Ndio wenye mamlaka ya kumhamisha. Najua unaogopa, na hofu yako ina msingi: kwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, kumfuga Tito bila kibali ni kosa, na siwezi kukuahidi kwamba hutaulizwa. Ninachokijua kwa kusimama na watu kwenye ofisi hizo ni kwamba aliyekuja mwenyewe na mnyama wake huzungumzwa naye tofauti na aliyefuatwa nyumbani baada ya jirani kusema. Na jirani yako, kwa jinsi ulivyomweleza, atasema.

Akipokewa hatatupwa kwenye kundi siku hiyohiyo. Tumbili aliyekaa na watu hutengwa kwanza, hupimwa, hasa kifua kikuu, maana sisi ndio tunaowaambukiza. Kisha hukutanishwa na wenzake polepole. Hayo ni mambo ya miezi. Wengine hufika wakarudi porini pamoja na kundi, wengine hawawezi na hubaki kituoni maisha yao yote. Na ipo siku ambapo hakuna kituo chenye nafasi, na daktari anaitwa kumlaza. Sikuwekei jambo hilo chini ya jamvi. Hata hivyo kwa macho yangu hilo ni afadhali kuliko miaka 15 ya mnyororo shingoni chini ya mkungu, na mnyororo ndio utakaofuata mkichelewa, nimeuona mara nyingi mno.

Mpaka siku ya kuchukuliwa, asiwe huru hata saa moja. Fundi atengeneze kizimba cha waya mnene, na mlango wa kufuli, kwa sababu komeo atalifungua mbele ya macho yako. Kiwe na kigogo cha kukalia juu na kivuli, mahali ambapo watoto hawapiti. Umlishe wewe peke yako, kupitia tundu la chini, bila kumtazama machoni. Punguza mahamri na chai, ongeza majani, matunda na mboga. Usimpe vidonge vya binadamu eti alale safarini. Watakaokuja wana dawa yao na wanajua kipimo. Siku ya safari, funika kizimba kwa leso yako iliyovaliwa. Harufu hiyo ataifahamu, na giza litamtuliza.

Umesema unahisi kama unamtoa mwanao. Nilifikiri sana juu ya neno hilo, na nikapiga hesabu. Dume wa tumbili, porini, akifika kama miaka mitano huondoka kwenye kundi alilozaliwa. Hafukuzwi kwa chuki. Umri wake umefika, anakwenda kutafuta kundi jingine, na mamake anabaki na binti zake. Kwa hiyo hata kama yule kijana wa njia ya Kinango asingempata, hata kama mamake angekuwa hai, mwaka huu Tito angekuwa njiani. Hukumtoa kabla ya wakati wake.

Baba Swabra, najua utasomewa barua hii kwenye simu. Wewe ndiye uliyemnunua, na ninaamini ulimhurumia. Usimwachie mkeo mzigo wa kupiga simu KWS peke yake halafu umlaumu kutoka Doha. Piga wewe, jina liandikwe lako. Na ukirudi likizo usiende kituoni kumtazama. Huko wanamfundisha kusahau sauti yako.

Barua ya pili

Daktari, mimi ni kondakta wa basi la Mombasa–Voi. Pale Mackinnon Road kuna kijana anauza mtoto wa tumbili kwenye boksi. Nilitaka kumnunua nimpeleke KWS mwenyewe, nimwokoe. Nafanya vyema?

Kondakta, Changamwe

Nia yako njema, bwana mdogo, lakini usitoe hata shilingi. Mtoto wa tumbili hushikilia tumbo la mamake kwa nguvu zake zote, na njia ya kawaida ya kumbandua ni kumuua mama, kwa mbwa au kwa mawe. Ukimlipa yule kijana, wiki ijayo atakuwa na boksi jingine. Kumbuka mahali alipokaa, saa, na alivyovaa, usigombane naye, na uwapigie KWS kabla basi halijafika Maungu.