Vinu vya upepo Uholanzi vinasaga kweli au ni pambo tu?

Mkuu umeuliza vile vinu vya upepo vya Uholanzi vinasaga kweli au ni pa kupigia picha tu, na kama una siku moja uende au usiende. Mi nimekaa Leiden, mji wa hukohuko Uholanzi, miaka miwili, kuna kimoja kinaitwa De Valk, yaani kozi yule ndege, nakipita kila siku nikienda stesheni na sikuwahi kuingia mpaka mdogo wangu alipokuja akaniburuza. Nenda bana.

Kile ni cha matofali, mita 29, kimejengwa 1743, makumbusho tangu 1966. Chini ni nyumba ya msagaji, familia ilikuwa inaishi humohumo. Ngazi za kwenda juu zimesimama balaa, mi nilishuka kinyumenyume nimeng'ang'ania kamba, kwa hiyo ukiwa na bi mkubwa mwache chini.

Sasa kilichonimaliza ni kazi yenyewe. Mi nimezoea mashine ya mtaani, unabonyeza swichi, ukikatika umeme mnakaa kwenye benchi mnapiga soga. Kule kichwa chote cha kinu pamoja na mapanga kinageuzwa kwa nguvu za mtu kufuata upepo, kuna boriti ndefu nyuma inashuka mpaka kwenye baraza na mwishoni ina winchi, halafu kila panga linavishwa turubai kama tanga la jahazi, upepo ukizidi unapunguza, ukichelewa breki ya mbao inasuguana mpaka inaweza kuwaka moto! Na mawe nayo, nafaka ikiisha katikati yanasagana yenyewe kwa yenyewe, cheche, na kinu kimejaa vumbi la unga, ndo maana wanaweka kengele inayolia nafaka ikikaribia kuisha. Unga wanaupima kwa kuusugua kwa dole gumba, kama mama anavyojua sembe ya jana na ya leo.

Wasagaji wengi siku hizi ni watu wa kujitolea, wanasomea na kufanya mtihani, na UNESCO iliuweka ufundi huo kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni 2017. Ukiwakuta uliza maswali, hawachoki (mmoja alitushika saa nzima, treni ikatuacha). Muulize pia kuhusu mapanga kusimamishwa: panga likiachwa kabla tu halijafika juu kabisa ni furaha, harusi au mtoto, likiwa limeshapita kidogo ni msiba.

Kama unaweza kuchagua tarehe, wikiendi ya pili ya mwezi wa tano ndo siku zao za vinu, vinafunguliwa vingi nchi nzima hata vile ambavyo kawaida unakuta komeo. Na vijijini ukiona mapanga yanazunguka piga hodi tu. Vingine vinauza unga, mi nilinunua wa ngano kilo moja nikapika chapati, ni wa pumba zake zote, zikatoka nyeusinyeusi na ngumu kidogo ila kwa maharage ziliisha zote.