Tao la harusi kando ya ziwa: anza na miguu, maua yatafuata

Mdogo wangu alipoamua kufungia ndoa yake ufukweni Luchelele, Mwanza, mwezi wa Agosti, saa kumi alasiri, nilijitolea kumtengenezea tao la mbao kwa mikono yangu, kwa sababu nilitaka asimame chini ya kitu kilichotoka nyumbani na si cha kukodi. Nayaandika niliyojifunza kwa ajili ya yeyote anayepanga sherehe kando ya Ziwa Victoria, kwa kuwa tao linalosimama vizuri ukumbini linaweza kulala chini ufukweni kabla maharusi hawajafika.

Tatizo ni upepo. Asubuhi ziwa huwa tulivu, lakini jua likishaipasha nchi kavu joto kuliko maji, upepo huanza kuvuma kutoka ziwani, nao hupata nguvu alasiri, saa zile zile ambazo watu hupenda kufungia ndoa ufukweni. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne.

Tao langu la kwanza lilikuwa nguzo mbili na boriti moja, nami nilikusudia kulishikiza kwa vipande vya nondo vilivyopigwa ardhini. Siku ya majaribio nondo ya kwanza iliingia kiasi cha shibiri moja ikagonga jiwe, na ya pili vilevile, kwa maana mawe yale tunayoyaona juu ya vilima vya Mwanza yapo pia chini ya mchanga. Nilipotundika kitambaa ili nione kitakavyopendeza, tao liliinama polepole kuelekea nchi kavu, kisha likaanguka na kuvunjika kwenye kona. Mzee mmoja anayeunda mitumbwi jirani na pale alikuja kunisaidia kuliinua. Nilimwamkia, akaitikia, akashika pindo la kitambaa na kusema, "Mwanangu, hili ni tanga. Tanga halina mlingoti wa kusimama bila uzito chini."

Neno hilo lilibadilisha mchoro wangu wote. Nilinunua mbao 4 za msonobari za inchi mbili kwa nne, zenye urefu wa futi 12. Mbao 2 za kwanza nilizikata kila moja vipande viwili: futi 8 kwa ajili ya nguzo na futi 4 kwa ajili ya mguu unaolala chini, kutoka mbele kwenda nyuma, nguzo ikisimama katikati yake. Mbao ya tatu ilitoa boriti ya juu ya futi 7, na futi 5 zilizobaki zikawa vipande viwili vya kukingama kwa mshazari kwenye kona za juu. Mbao ya nne niliikata vipande vya futi 2 vya kuegemeza nguzo kwenye miguu, mbele na nyuma. Tafadhali usiviache vipande hivi vya mshazari kwa kuona kwamba vinaharibu umbo. Bila hivyo kila kona ni bawaba, na utaweza kuvifunika kwa majani.

Kwa kuwa tao lilipaswa kubebwa na kirikuu hadi ufukweni, viungo vikubwa nilivifunga kwa bolti badala ya misumari, bolti mbili kila kona, pamoja na washa ili nati isizame kwenye mbao laini. Bolti moja haitoshi, kwa sababu mbao huzunguka juu yake. Pale nilipolazimika kutumia misumari karibu na ncha ya mbao, yule mzee alinionyesha jambo dogo ambalo sitalisahau: aliuweka msumari juu ya jiwe kichwa chini, akaigonga ncha yake mara moja kwa nyundo hadi ikabutuka, ndipo akaupigilia. Ncha kali hupanua nyuzi za mbao na kuipasua, ilhali ncha butu huzivunja na kujipitishia. Kabla ya kukaza chochote, pima ulalo wa fremu kutoka kona hadi kona pande zote mbili. Vipimo vikilingana, tao limenyooka.

Kuhusu mbao yenyewe, msonobari ni mwepesi na hukubali randa na msasa, na Kanda ya Ziwa ina mashamba yake, likiwamo la Rubya kisiwani Ukerewe. Epuka mbao mbichi, ambayo utaitambua kwa uzito na ubaridi wake mkononi, maana itapinda ikikauka.

Uzito niliuweka kwenye ncha za miguu. Ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga hufikia kilo 30 hivi, nami niliweka ndoo nne, nikazifunga kwa kamba kwenye mbao na kuzizungushia vyungu vya maua. Mpiga picha alitaka ziwa liwe nyuma ya maharusi, na maana yake ni kwamba upepo ungelipiga tao moja kwa moja kutoka nyuma. Nilikubali, kwa sharti kwamba shuka pana liondolewe na badala yake vitundikwe vitambaa vyembamba vyenye nafasi kati yake, ili upepo upite.

Tulilisimamisha siku moja kabla, alasiri ile ile ya saa kumi, tukakaza nati zote upya. Mdogo wangu alikuja kulitazama, akasimama mbali kidogo. "Kaka, halitaanguka?" Nilimwambia alishike mwenyewe. Aliishika nguzo kwa mikono miwili akaitikisa kwa nguvu zake zote; vitambaa vilipepea kuelekea nchi kavu, na miguu haikusogea mchangani.