Usipange kabro kabla hujajua maji yataelekea wapi

Jamani mnaojenga Malindi, hii naiandika kabla masika hayajaanza, maana ikifika mwezi wa tano simu zinakuwa zilezile tu, ukuta umelowa, rangi inabambuka, chumba cha nyuma kinanuka uvundo, na ukienda kuangalia unakuta paa halina neno, ukuta umejengwa vizuri, taabu yote iko pale chini kwenye udongo.

Watu wanamaliza pesa kwenye geti na milango, uwanja unabaki wa mwisho na fundi anaambiwa "sawazisha tu hapo". Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Ardhi ya kuzunguka nyumba haitakiwi iwe sawa, inatakiwa ishuke kutoka ukutani kwenda nje, na kipimo ninachofanyia kazi mimi ni sentimita 15 kwa mita 3 za kwanza. Ukiweka kabro, yale matofali ya zege ya kupanga uwanjani, au zege basi sentimita 2 kwa kila mita zinatosha, kwa sababu juu ya kitu kigumu maji hayasumbui kuteleza.

Na usikubali fundi apime kwa jicho. Chukua ule mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, ujaze maji, hakikisha hakuna povu lililobaki katikati, mmoja ashike ncha moja kwenye alama ya ukutani na mwengine asimame mita 3 na ncha ya pili kwenye kijiti. Maji yakitulia yako usawa mmoja pande zote mbili, sasa pima kutoka kwenye maji hadi chini, kipimo cha nje kikizidi cha ukutani kwa sentimita 15 uko sawa. Zungukeni nyumba nzima hivyo hivyo, hasa nyuma karibu na choo na jiko, ndiko watu hawaangalii.

Wengi wananiambia ah, huku kwetu ni mchanga, maji yanazama yenyewe. Ndio yanazama, lakini yanazama wapi? Pale kando ya msingi fundi alipochimba amerudishia chochote, vipande vya matumbawe, mifuko ya simiti, mchanga mlegevu, hakushindilia, mvua mbili tatu udongo unadidimia na unapata mfereji umezunguka nyumba wenyewe. Rudishia tabaka kwa tabaka, sentimita 15 hivi, nyunyiza maji kidogo, shindilia, ndio uongeze nyengine. Halafu juu malizia kwa udongo mwekundu ule wenye kunata, kwa sababu mchanga hata ukiupa mteremko maji hayafuati mteremko, yanashuka palepale yalipoangukia.

Kuna nyumba moja Muyeye, mwenyewe alikuwa anataka kubandua plasta yote ya sebuleni apige upya. Ukuta ulikuwa na unyevu mpaka usawa wa goti, chumvi nyeupe imetoka. Nikaomba jembe tukachimba nje kidogo chini ya maua, ile karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu, inayolazwa juu ya msingi kabla ya kupandisha ukuta, tukaikuta kiganja kizima chini ya udongo! Mtunza bustani alikuwa anaongeza udongo na mbolea kila msimu kwa nia njema kabisa, mpaka unyevu ukapata njia ya kupita juu ya karatasi. Tukashusha udongo, maua tukayahamisha, ukuta ukaachwa ukauke kwanza ndio akapiga plasta sehemu ndogo tu. Udongo ukae angalau sentimita 15 chini ya ile karatasi, na ukipanga kabro hesabu na unene wa kabro yenyewe na mchanga wake, hapo wengi wanapitiwa.

Paa nalo ulifikirie. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita 100 za mraba siku ya mvua ya milimita 50 linamwaga lita 5,000. Bila gata, ule mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa, zote hizo zinaanguka kwenye mstari mmoja karibu na ukuta. Nyumba za makuti gata hazikai vizuri, basi weka ukanda wa zege wenye mteremko pale yanapodondokea, upana wa mita hivi.

Mwisho wa safari ya maji upange mapema. Kama barabara imeshainuliwa kuliko kiwanja chako, mtaro wa mbele haukusaidii, chimba shimo la kunyonya maji lijae mawe, liwe mita 3 au zaidi kutoka ukutani, upande wa chini. Usimwelekezee jirani. Na maji ya paa usiyatie kwenye shimo la choo, tafadhali sana, siku ya mvua kubwa litafurika na uchafu wote utakuja juu watoto wanapochezea.