Kiungulia cha miaka sita: nikubali kupasuliwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani, umri miaka 38. Mwaka wa sita huu kiungulia hakinipi nafasi. Nikiinama kwenye cherehani maji ya uchachu yanapanda hadi kooni, na usiku nalala nimeegemea mito mitatu. Nikimeza omeprazoli napata nafuu, nikiacha siku mbili kinarudi. Nilipopimwa kwa kamera nikaambiwa nina henia ya juu ya tumbo, na kwamba upo upasuaji wa matundu madogo. Mke wangu anasema kisu si cha kuchezea. Nifanyeje? (Fundi, Tanga)

JIBU: Marahaba, fundi. Ngoja nikueleze kicherehani. Kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, kina tundu ambamo umio, ile njia ya chakula kutoka kooni, hupita kama kifungo kwenye tundu lake. Lako limelegea, na kipande cha mfuko wa chakula kimechomoza juu. Daktari wa upasuaji hutoboa matundu kama matano, hujaza gesi tumboni apate nafasi ya kuona, huurudisha mfuko chini, hulipunguza lile tundu kwa nyuzi mbili tatu, kisha sehemu ya juu ya mfuko huizungusha kwenye umio kama kola na kuishona. Kola hiyo daktari wa upasuaji Rudolf Nissen aliichapisha mwaka 1956, enzi za kupasua tumbo lote. Kwa matundu imefanyika tangu 1991.

Hilo la dawa kukupa nafuu limenifurahisha. Watu hudhani kisu ni cha yule ambaye dawa zimemshinda. Mimi mgonjwa ambaye vidonge havijamsaidia hata siku moja ndiye ninayesita kumpeleka, maana pengine tatizo lake si asidi. (Hapa kwetu kila kinachochoma ni vidonda vya tumbo!) Kabla hujasaini, uliza kama utapimwa asidi kwa saa 24, kwa mrija mwembamba wa kupitia puani, na kama watapima nguvu ya umio kusukuma chakula. Umio dhaifu haufai kola ya kuzunguka kote. Hushonewa ya nusu au robo tatu.

Mkeo naye hajakosea. Kola ikibana, chakula hukwama. Mgonjwa wangu mmoja, wiki ya tatu tu, alikwenda harusini akashindwa kujizuia mbele ya nyama choma. Usiku huohuo tulimtoa pande zima kwa kamera. Wiki nne hadi sita ni uji, supu na viazi vya kuponda. Mbweu nazo hazitoki kwa urahisi, gesi hutafuta njia ya chini, kwa hiyo soda uiage. Na wapo wanaorudia vidonge baada ya miaka kadhaa.

Ile mito mitatu iondoe leo, inakukunja tumbo na kusukuma asidi juu. Weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, kimo cha sentimita 15 hadi 20. Majibu ya vipimo yakitoka, niandikie.